Mwongozo kwa Mtoto Anayebaki Nyumbani Wakati wa Vita: Toleo la Tarime na Serengeti

Mwongozo huu ni wa mtoto yeyote anayekusudia kuvipitia vita vya Kagera akiwa katika wilaya ya Tarime au ya Serengeti. Ushauri wa kwanza ni wa umri. Zaliwa kati ya 1966 na 1970. Ukitangulia sana utapewa bunduki na kupakiwa kwenye lori. Ukichelewa utakuwa mgongoni kwa mama na hutakumbuka kitu. Anayefaa ni mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili: amekua kiasi cha kutumwa popote, hajakua kiasi cha kuelezwa anatumwa kwa nini.

Ushauri wa pili: usidanganywe na ramani. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakajitwalia kilomita za mraba 1,800 hivi kaskazini ya mto, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi ile sasa ni Uganda. Yote hayo yalitokea magharibi ya Ziwa Victoria. Wewe uko mashariki. Kati yako na mzinga wa karibu kuna ziwa zima, na mgeni akikutazama atasema una bahati.

Mgeni huyo haijui Tarime. Hajui kwamba tangu enzi za keya, lile jeshi la mkoloni, Waingereza walipokuwa wakichukua vijana wa North Mara, jina la zamani la Tarime, na kuwafikisha hadi Burma, uaskari huku kwetu ni kazi ya kurithi. Wakurya ni wachache ukihesabu Watanzania wote, lakini simama mbele ya gwaride lolote la miaka ile uite "Mwita!" uone vichwa vinavyogeuka. Amiri Jeshi Mkuu mwenyewe, Mwalimu Nyerere, ni mtu wa Butiama. Meja Jenerali David Msuguri, aliyekabidhiwa divisheni iliyoingia Uganda, naye wa Butiama. Miongoni mwa mabrigedia yumo Mwita Marwa, na hilo jina halihitaji maelezo ya kwao ni wapi. Kwa hiyo mlio wa mzinga hutausikia, ila anayeufyatua huenda ni mjomba wako, na kiti chake kitabaki kitupu hadi utakapozoea kukitundikia kibuyu.

REDIO

Vita utakavyovijua wewe vimo ndani ya redio, na kwa kuwa kijijini redio nzima ni chache, mwenye nayo hupanda cheo ghafla. Yule mzee mliyekuwa mkimcheka kwa koti lake la keya lililobaki na vifungo viwili, sasa ndiye makao makuu. Redio ni yake, uwanja ni wake, na kidole pekee kinachoruhusiwa kugusa kitufe ni chake.

Habari ikisomwa usiulize swali. Usikohoe. Usije na mdogo wako mwenye tabia ya kulia. Usipite chini ya waya wa antena uliofungwa kwenye mti, maana lolote litakalokoroma baadaye utaambiwa ni wewe. Betri zikichoka utazianika juani mchana, juu ya jiwe, na kuzilinda mbuzi wasizikanyage. Zikifa kabisa usiku wa taarifa muhimu, umezianika vibaya.

Utaisikia hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba, ile aliyosema kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Ukishaisikia utaitumia, kwa sababu kila mtu anaitumia. Ndani ya wiki moja hakuna ugomvi wa malishoni utakaoanza kabla mhusika hajatangaza kwamba sababu anayo, nia anayo na uwezo anao. Kwa kawaida kimoja kati ya vitatu hivyo hukosekana, na hugundulika mapema.

Baada ya taarifa huja Mazungumzo Baada ya Habari, ambayo wakubwa huyangoja kuliko taarifa yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo nduli Amin anapopewa haki yake. Ni kipindi chenye Kiswahili kitamu, na watoto wengi wa Mara walijifunza hapo kwamba mtu anaweza kuchambuliwa hadi mfupa bila kutukanwa tusi hata moja. Usiyajaribu maneno yale kwa mwalimu wa zamu.

Jambo moja litakusumbua. Amin, aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kabla ya kujitunuku vyeo vilivyobaki, alipendekeza yeye na Mwalimu wamalizane ulingoni, mwamuzi awe Muhammad Ali. Wakubwa watacheka hadi machozi. Wewe utalichukua kwa uzito wake. Utapiga hesabu usiku kucha: Mwalimu ni mwembamba, ana mvi, na picha yake iliyotundikwa ofisi ya kijiji haimwonyeshi mtu wa ngumi. Upande mwingine, ni Mzanaki, na Wazanaki ni jirani zako, unawajua. Utalala ukiwa na matumaini kiasi.

MAJINA

Sehemu hii isome polepole.

Katika kijiji cha kawaida cha Tarime, wavulana ni Chacha, Mwita, Marwa, Matiko, na mzunguko unaanza tena. Wasichana ni Bhoke, Gati na Robi. Wakati wa amani hii ni raha tupu: ukiita jina moja unapata wasaidizi wanne. Vita vinapoanza raha hiyo hugeuka. Jeshi linamjua mtu kwa jina lake na la baba yake, na habari inapovuka ziwa, kupitia Mwanza, kushuka Musoma, kuvuka kivuko cha Kirumi na kupanda milima hadi kwenu, inakuwa imechuja kila kitu isipokuwa hayo majina mawili. Chacha Mwita ameumia Masaka. Ni hivyo tu. Aliyeileta aliambiwa na dereva, na dereva aliambiwa na mtu kivukoni.

Mna Chacha Mwita wangapi jeshini kutoka kata yenu? Hakuna anayejua, ila kabla jua halijazama nyumba kadhaa zitakuwa zimeanza kilio, kila moja ikiomboleza Chacha wake. Kazi ya mtoto hapo ni mbio. Utatumwa kwenda kuuliza jina la tatu. Ukilipata, utatumwa kuuliza ni wa ukoo gani, Mnyabasi au Mwirege au Mtimbaru, na mama yake ni nani. Usimjibu mtu njiani, hata akikushika shati. Peleka jibu ulikotumwa.

Halafu siku ya tatu itajulikana kwamba Chacha mwenyewe ni wa kijiji kingine. Nyumba zote zitanyamaza, na mama atachukua jembe aelekee shambani kwa hatua nyepesi ambazo hujaziona tangu Novemba. Usicheke, usirukeruke. Huko kijiji kingine kuna mtoto kama wewe ambaye jina la tatu limemwangukia. Furaha yako ifiche hadi muwe ndani.

Hesabu inayotajwa kwa vita vile ni askari 373 wa Tanzania waliokufa, na kati yao waliouawa na adui katika mapambano hawafiki 100. Wengi waliobaki ni ajali na maradhi. Wapo waliozikwa Kaboya, mkoani Kagera, mahali ambapo mama wa Nyamongo au wa Sirari hana nauli ya kufika wala ndugu wa kumpokea. Hesabu ile ni ndogo kwa vita vya miezi saba. Wataalamu husema hivyo, na wana haki. Ila haikuhesabu vilio vya Chacha wasiokufa.

BARUA

Serikali ilianzisha kampeni ya elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, na wewe ni tunda lake. Darasani mko wengi kuliko madawati, na mwalimu wenu mwenyewe alimaliza darasa la saba juzi. Usijidharau. Nyumbani kwenu wewe ndiye pekee unayesoma mwandiko wa kuunganisha. Bibi anahudhuria kisomo cha watu wazima chini ya mwembe na ameshafika kwenye silabi, lakini barua ya vitani haisomeki kwa silabi. Italetwa kwako.

Barua itaanza na salamu kwa watu wote wa mji, mmoja mmoja, kwa utaratibu wa umri, na usimruke hata mmoja. Ukimruka shangazi mdogo kwa kudhani hayupo, kumbe yuko nyuma ya mlango. Baada ya salamu mwandishi atasema yeye ni mzima wa afya. Atasema hivyo hata kama barua imeandikwa na mtu mwingine kwa sababu mkono wake umefungwa bandeji. Kisha atauliza habari za ng'ombe. Atawauliza kwa majina, na ataeleza kirefu yule mwenye pembe iliyopinda apelekwe kwa nani. Utafika mwisho wa ukurasa wa pili ukiwa unajua kila kitu kuhusu ng'ombe na hujui lolote kuhusu Uganda.

Hapo ndipo utakapoingia kwenye majaribu. Mama anakutazama mdomoni. Bibi anatazama karatasi. Kuna mstari mmoja chini, mwandiko wake umebanwa, unaosema mwenzetu fulani wa mji wa pili hatunaye. Na mke wa fulani amekaa hapo hapo, amekuja kusikiliza, amembeba mtoto. Mwongozo mwingine ungekupa kanuni. Huu hauna. Ninachojua ni kwamba watoto wengi waliokuwa wasomaji wa barua wamekua wakiwa na kipaji cha kusoma kwa macho mbele ya ulimi, na kwamba salamu za mwisho wakati mwingine zilirefushwa kuliko zilivyoandikwa, hadi mgeni alipoondoka.

Kwenye kujibu utakuwa katibu. Mama atakwambia uandike kwamba hapa sote hatujambo, mvua ni nzuri, ng'ombe wamezaa. Utatazama nje, uone mvua haijanyesha, uandike ni nzuri. Usisahihishe.

UTAWALA

Wanaume wakishakwenda, wengine jeshini, wengine mgambo, utashangaa kwamba mji hauanguki. Ulikuwa unaendeshwa na nani hasa? Bibi atachukua fimbo ya babu, si kwa kutembelea. Tarime ina desturi ya nyumba ntobhu, ambayo mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mke na kuwa kichwa cha mji wake, kwa hiyo mji wa wanawake watupu haukuwa jambo la kutushtua. Kitakachobadilika ni zamu. Kaka aliyekuwa akichunga ameitwa mgambo, unachunga wewe. Shule ikilalamika, kichwa cha mji kitaenda shuleni na ile fimbo.

MPAKA

Wakati nchi nzima inapambana na jirani wa magharibi, jirani wa kaskazini tumemfungia mlango. Mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mujibu wa sheria, hakuna mtu anayevuka Sirari kwenda Isebania. Kwa mujibu wa shangazi yako, aliyeolewa upande wa pili na anayekuja na chumvi ya mboga, sheria ni ya magari.

Vita vilikula lori, mafuta, magunia ya mahindi na akiba ya fedha za kigeni. Jeshi lililoanza likiwa chini ya askari 40,000 lilipanuka kwa miezi michache hadi zaidi ya 100,000 pamoja na mgambo, na watu wote hao wanakula, wanavaa, wanapanda magari. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliagiza mikoa yote itoe kila inachoweza. Mkoa ukatoa. Kilichobaki dukani ni mwenye duka. Utapanga foleni tangu saa kumi alfajiri kwa ajili ya sabuni, na foleni ikifika kwako patakuwa na viberiti. Chukua viberiti. Kufua, tumia majani ya mpapai. Yanatoa povu, na shati jeupe la shule litachukua rangi ambayo mwalimu ataamua kutoiona kwa kuwa lake liko vilevile. Sukari sahau. Koroboi iwashwe kwa kula tu. Ukisikia kwamba mijini wameamriwa kuzima taa usiku kwa kuhofia ndege, jivunie: kwenu agizo hilo limetekelezwa kikamilifu muda mrefu.

Ndipo njia ya panya inapohitajika, na panya bora ni mtoto. Mtu mzima akikutwa na kahawa mgongoni karibu na bikoni ana maelezo marefu ya kutoa. Mtoto wa miaka kumi akikutwa na debe kichwani anakwenda kwa shangazi. Basi: kahawa ya milimani inakwenda kaskazini, ambako bei inaeleweka, kusini inarudi chumvi, sabuni, sukari guru na mafuta ya kupikia ya mkebe. Mkebe usiuache nje. Mkebe mtupu umewaponza wengi kuliko mkebe uliojaa, kwa sababu uliojaa hufichwa, mtupu hupandwa maua.

Kuna watakaokwambia huu ni uhujumu wakati wa vita, na kwamba kila kilo ya kahawa inayovuka ni risasi inayokosekana mpakani Mutukula. Huenda. Lakini mama wa askari anayepigana Mutukula naye anataka chumvi, na njia ya kumfikishia hiyo chumvi haikupita katika duka lolote ninalolikumbuka.

NG'OMBE WA TAIFA

Balozi wa nyumba kumi atapita kukusanya michango. Kuna watakaotoa mahindi, kuna watakaotoa kuku, na mji wenye zizi unategemewa. Kumwomba Mkurya ng'ombe si jambo dogo: ng'ombe ni mahari ya kaka yako, ni ada yako, ni jina la mji. Hata hivyo watatoa, na watatoa kwa moyo, maana anayekula nyama hiyo ni mtoto wao. Ila usitegemee kwamba atatolewa yule bora. Atachaguliwa mwenye tabia: anayeruka boma, anayempiga teke mchungaji, anayewaongoza wenzake kwenye mahindi ya jirani. Wewe uliyekuwa ukimchunga ndiwe utakayemsindikiza hadi ofisi ya kata, na njiani utagundua kwamba unampenda. Balozi ataandika katika daftari: dume moja, zuri. Usiseme kitu. Taifa litamjua lenyewe.

MICHEZO NA MCHAKAMCHAKA

Mtacheza vita, hilo haliepukiki. Bunduki ni za mabua, mabomu ni madongo, na nzige wote wa shambani ni ndege za adui. Shida ni moja: Amin awe nani? Hakuna atakayekubali. Mwanzoni mwa vita, majeshi ya watoto wa Tarime yalipigana miezi mizima bila adui, kwa kuwa kila upande ulikuwa Tanzania. Ufumbuzi uliopatikana kwa kawaida ni kumpa kazi hiyo mtoto mdogo kuliko wote, ambaye anafurahi kuchezeshwa na hajui alichopewa. Ukimtwika, mpe pia vyeo. Amin halisi alijiita mshindi wa Dola ya Kiingereza, na mtoto mwenye vyeo vingi hulia kidogo anapopigwa.

Shuleni mtakimbia mchakamchaka kabla ya namba, mkiimba. Zipo nyimbo nyingi za Amin na karibu zote zinammaliza vibaya. Katika ile maarufu zaidi anaishia tumboni mwa mamba wa Kagera. Watoto wa kandokando ya Mto Mara tulikuwa na malalamiko yetu hapa. Mamba wa kwetu ni wakubwa, wanakula nyumbu kila mwaka, na hakuna aliyefikiria kuwapa zamu.

Mwaka 1979, kwa taarifa yako, ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto. Huenda mkaambiwa mlipokuwa mkipalilia shamba la shule.

KWA WASOMAJI WA SERENGETI

Nyie wa Mugumu, Ikoma na Nata mna masharti ya ziada. Mpaka ulipofungwa, watalii waliokuwa wakishuka kutoka Nairobi kupitia Maasai Mara walitoweka, na pamoja nao kazi za kupika, kufua na kuongoza. Zilibaki hoteli tupu na hifadhi iliyojaa wanyama, na vijiji visivyo na mafuta ya kula. Sihitaji kueleza zaidi. Kanuni ni hii: gari lolote lisilojulikana likisimama na mtu akakuuliza kwa upole mmekula nini jana, mmekula mlenda. Hata kama meno yako yana ushahidi. Nyama kavu haianikwi upande wa barabara, na neno "nyumbu" halitajwi mbele ya wageni isipokuwa kwa kusifia urembo wake.

Jambo jingine linawahusu. Mwishoni mwa Machi 1979, ndege kubwa ya kivita ya Libya, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia rafiki yake, ilikwenda kupiga maghala ya mafuta Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia eneo la wanyama la Saanane na kuua swala. Habari hii itawachanganya. Mtoto wa Ikoma anajua kwamba kumpata swala kunahitaji subira, upepo mzuri na mtego uliofukiwa vizuri. Kwamba mtu ametoka Libya kwa ndege ya mabomu, amevuka jangwa lote, na amerudi bila hata paja moja, ni ubadhirifu ambao wazee wa kijiji watauzungumzia hadi mvua za masika ziishe.

VITA VINAPOKWISHA

Hapa ndipo waandishi wengi wa miongozo hufunga kitabu, na ndipo asiyejua anapoumia.

Kampala itaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mtaimba, mtachinja, yule mzee wa redio atacheza hadi kifungo kimoja kati ya viwili kidondoke. Mwezi Juni majeshi yatafika mpaka wa Sudan na hakutakuwa na pa kuendelea. Mwalimu ataomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Kaptura yako inashikiliwa na kamba ya katani, kwa hiyo umetangulia; lakini weka akilini kwamba miezi hiyo 18 itakapokwisha hakuna atakayekwambia ufungue. Mwaka 1983 utakuwa bado kwenye foleni, na Sokoine atakuwa anawasaka wahujumu uchumi, na ule mkebe wenye maua utang'olewa usiku.

Baba watarudi kwa mafungu, wengine mwaka huo, wengine 1981. Wako usimkimbilie. Simama, umsalimie, usubiri akuguse kichwa. Amekuacha ukiwa na urefu mwingine na anahitaji muda wa kukusoma. Atakuwa na saa ya mkononi, labda redio kaseti, labda baiskeli ambayo kengele yake ina maandishi ya duka la Kampala. Usiulize aliinunua kwa shilingi ngapi. Usiku atapiga kelele usingizini. Asubuhi mama atasema ni malaria, na kwa kweli malaria wengi wamekuja nayo. Mwitikie kwamba ni malaria.

Na kuna kitu kirefu kilichoviringishwa katika blanketi, juu ya dari, karibu na kihenge. Si kila askari alirudi nacho. Walio wengi walirudi na begi, homa na karatasi ya kuachishwa. Lakini havikuhitajika vingi. Hukukiona, na mdogo wako umwambie naye hakukiona.

Wizi wa ng'ombe kati ya koo ulikuwepo kabla ya Amin na kabla ya Mjerumani aliyejenga ngome Ikoma. Ulikuwa na mikuki, pinde, mbio na kiasi fulani cha majigambo, na asubuhi wanawake wa pande zote mbili walikutana mtoni. Baada ya 1979 ulipata bunduki aina ya SMG. Ng'ombe wanaochukuliwa usiku upande huu wanauzwa Kenya kabla maziwa hayajaganda, kwa njia zile zile ulizozikanyaga wewe na debe lako, na mlango wa kuwafuatilia umefungwa rasmi. Serikali italeta polisi. Wazee wataitisha ritongo, yaani mkutano wa jamii yote, baadaye tutakuwa na sungusungu, na ritongo litataja majina ya wezi hadharani. Mengi ya majina hayo yatakuwa ya wanaume waliopokelewa kwa ngoma miaka michache nyuma.

Kwa hiyo zingatia haya, maana ndiyo sehemu pekee ya mwongozo huu inayoweza kukusaidia mwili. Lala mbali na ukuta unaotazama zizi. Yowe likipigwa usiku, sikiliza kwanza linatoka wapi. Wakubwa wanalikimbilia, watoto wanalikimbia. Gobore hulia mara moja, halafu mwenyewe anashindilia baruti upya, na hapo una nafasi ya kufika kwenye migomba. SMG haina nafasi hiyo. Lala kifudifudi pale pale ulipo, mdogo wako chini yako, na usimwite baba, kwa kuwa ameshatoka na ameshachukua blanketi.

Asubuhi nenda shule kama kawaida, hata kama zizi liko wazi. Fika kabla ya namba. Mchakamchaka haujafutwa, na wimbo bado ni ule wa Amin.